Kipengele cha Saba

Mlango wa ofisi ya utafiti wa malale, mtaa wa Awindiri mjini Arua, ulikuwa na kibao kilichoandikwa GONGA. Sajini Dramadri aligonga.

"Nani amekuambia ugonge?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Watu wana kazi!"

Akaingia hivyo hivyo.

Dakta Candia alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyomzidi kimo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti huo, na utafiti wenyewe ulikuwa haujaanza. Ulipangwa kuanza tarehe mosi Septemba 1988, na leo ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na nne Agosti. Kwa siku nane zaidi, basi, Dakta Candia angeendelea kuwa mkuu wa kitu ambacho hakipo, na cheo hicho alikilinda kwa ukali wake wote.

"Mwizi mnaye," alisema. "Yuko selo yenu tangu jana. Huku unatafuta nini?"

"Daftari."

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Amesema wewe ni mbuzi."

Dramadri akavuta kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha kukikalia.

Kesi ilikuwa fupi. Jumatatu mchana daftari jeusi la utafiti lilitoweka katika kabati la chuma, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Dakta, wa pili alikuwa nao mpiga chapa, Rosa Kiden. Kwao Rosa ni Koboko, na katika mkutano wa Ijumaa alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na mmoja akatamka kwamba daftari lenye majina ya watu wa Lurujo, kijiji cha Wakakwa kilichopangiwa utafiti, likilala Arua hata siku moja, yeye mwenyewe atalichoma. Kwa polisi hilo lilitosha. Alhamisi saa nne asubuhi angefikishwa mahakamani, na mwizi wa mali ya mradi wa serikali hafungwi wiki mbili tu. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Dramadri siku moja ya kupeleleza. Haikuwa huruma. Fomu ya mashtaka ilikuwa na nafasi ya kujaza mali iko wapi, naye mkuu hakupenda nafasi wazi.

"Lete mpango," Dramadri alisema.

"Mpango gani?"

"Ule mliogombania Ijumaa."

Dakta alisukuma karatasi tisa zilizonuka wino wa stensili. Juu ziliandikwa: MPANGO WA KUTUNZA TAARIFA ZA UTAFITI. Zilieleza nani ataandika, kwa kalamu gani, karatasi zitalala wapi, nani atashika ufunguo, nani haruhusiwi hata kuchungulia, na siku gani kila kitu kitachomwa moto. Damu ya mtu wa kwanza ilikuwa haijatolewa, na karatasi zake zilikuwa zimeshapangiwa mazishi. Dramadri alisoma kurasa zote tisa. Dakta alitazama saa yake mara tatu.

"Kipengele cha sita. 'Mwenye ufunguo atauvaa shingoni, hatauweka mezani wala ukutani.' Rosa huuweka wapi wake?"

"Kwenye msumari, nyuma ya taipureta."

"Hapa pameandikwa shingoni."

"Mpango unaanza tarehe mosi."

"Kwa hiyo mpaka tarehe mosi, mtu yeyote anayeingia ofisi hii anaweza kuuchukua msumarini wakati wa chakula."

"Mpango," Dakta alirudia kama anayesoma somo kanisani, "unaanza tarehe mosi."

Dramadri akaandika hilo. Kisha akageuza ukurasa.

"Kipengele cha saba kimekatwa kwa kalamu."

Hapo Dakta alilegea kidogo, kwa sababu aliombwa kueleza jambo. Rasimu waliyogawiwa wote wiki mbili kabla ilisema kwamba majina ya wenye nyumba yataandikwa katika daftari jeusi, na daftari litakaa Arua. Lurujo ikawaka. Watu wa kule walikuwa wamerudi kutoka Zaire na Sudan juzi juzi tu. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu aliyewahi kuvaa sare ya jeshi lililoanguka mwaka wa sabini na tisa. Baada ya hapo waliona watu wakija na karatasi, wakisoma majina, na waliosomwa hawakuonekana tena. Sasa amekuja daktari, naye ana karatasi.

"Kwa hiyo tulibadilisha," Dakta alisema. "Majina yanakaa kwao, ndani ya sanduku lao, na ufunguo ni wao. Fomu za majina, zilizojazwa wakati wa kuhesabu nyumba, zilirudishwa Lurujo Ijumaa ile ile jioni. Sisi tumebaki na namba. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili."

"Na daftari jeusi lililoibwa?"

"Rosa alilijaza Jumamosi. Namba ya nyumba, idadi ya watu, hatua hadi kisimani."

"Jina hata moja?"

"Hata moja."

"Dakta, nani aliandika muhtasari wa mkutano?"

"Rosa."

"Basi Rosa alijua daftari halina jina. Aliapa kuchoma majina, halafu akaiba visima?"

"Wewe ndiye polisi. Mimi ni daktari wa mbung'o."

Dramadri akauvuta muhtasari. Mkutano ulianza saa nne. Mzee Soka na wazee wawili wa Lurujo walitoka saa sita na nusu kwenda msikitini, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Kipengele cha saba kilipitishwa saa saba na dakika kumi. Chini yake Rosa alikuwa ameandika, kwa mashine isiyo na huruma: *Majadiliano yalikuwa kwa Kikakwa kwa sababu ya hasira. Mkalimani hakuhitajika, kwa kuwa wote waliokuwepo wanakijua Kikakwa.*

"Aliyeiba alidhani majina yamo," Dramadri alisema. "Hakusikia mabadiliko. Soka hakuwepo."

"Sasa unaanza kufikiri," Dakta alisema, akasimama kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

"Nahitaji petroli. Na mtu wa Kikakwa. Sisi watu wa Arua kile hatukijui."

"Mimi mama yangu ni wa Koboko, ila siendi kutukanwa mara mbili kwa wiki moja. Mchukue Mindra."

Enoch Mindra alikuwa msimamizi wa wadodosaji, kijana mrefu wa Maracha mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Waombaji wa kazi hiyo walikuwa kumi na wanne. Fomu iliuliza, Je, unajua Kikakwa? Mindra peke yake alikuwa amejibu: Sawasawa kabisa.

"Ulitoka mkutanoni Ijumaa?" Dramadri alimuuliza wakati Landrova inapasha moto.

"Hata kukojoa sikutoka, Afande. Sahihi yangu iko kwenye orodha ya mahudhurio."

Ilikuwepo kweli. Ilikuwa sahihi nzuri, yenye mkia.

Polisi ilikuwa na gari na mradi ulikuwa na petroli, hivyo Mindra ndiye aliyeendesha. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Koboko vipande vipande. Mindra alizungumza njia nzima, na hakuwa na neno jema kwa watu wanakoelekea.

"Wale ni waongo, Afande. Kila mmoja atakuambia alikuwa mpishi jeshini. Jeshi zima wapishi! Nani basi alikuwa anashika bunduki?"

"Rosa naye?"

"Rosa ni wao."

Walimkuta Mzee Soka mbele ya duka lake dogo anaziba pancha. Hakusimama. Alikuwa na shingo nene, na shingoni kamba ya katani iliyoingia ndani ya kanzu. Dramadri alijitambulisha.

"Naona kofia," Soka alisema. "Kofia iko natosha. Nakuja chukua nani leo?"

"Nimekuja kuuliza."

"Hata wale walianza na kuuliza."

"Mzee, Ijumaa mlipokwenda msikitini, mkutano ulibadilisha kipengele cha saba."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

Soka aliweka tairi chini. Alichomoa kamba kutoka ndani ya kanzu, na mwisho wake ulikuwa na ufunguo wa shaba.

"Ule binti Kiden. Narudi kutoka msikiti, bado na maji kwa miguu, yeye nasimama mlangoni nanipa hii. Nasema: Baba, majina yote iko kwa sanduku, sanduku iko yako. Wewe Afande nafikiri mimi naweza kwenda Arua kuiba majina yenye nalala chini ya kitanda yangu?"

Dramadri alikunja ukurasa wa daftari lake. Mshukiwa wake wa pekee alikuwa amekufa hivyo, mchana kweupe, mbele ya pancha.

"Naomba nilione sanduku."

"Uliza Mama Madina. Hii neno ya sanduku ni yeye alileta kwa mkutano. Mimi nafungua kama yeye nakubali."

Mama Madina alikaa nyumba ya jirani. Alikuwa mjane, mwembamba, amekaa anachambua majani ya kunde kana kwamba kila jani limemkosea. Alisema neno moja kwa Soka bila kuwatazama wageni.

"Anasema Kiswahili ni ya askari," Soka alieleza, "na yeye namaliza na askari. Ataongea Kikakwa. Si unaleta mkalimani?"

Mindra alivuta kigoda, akaketi, akakunja mguu juu ya mguu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha ua ukiwa umelowa na majani yamejikusanya chini ya vigoda.

Dramadri aliuliza: ni nani Ijumaa aliuliza habari za daftari jeusi baada ya mkutano? Mindra alitafuna midomo, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini sana. Madina akamtazama. Akajibu kwa urefu, akionyesha mlima, kisha duka, kisha mbingu.

"Anasema hajui kitu," Mindra alisema.

"Yote yale ni 'hajui'?"

"Wanazunguka sana hawa, Afande."

Madina alisema tena, sentensi moja fupi, akielekeza kidole kwenye miguu ya Mindra. Mindra akatikisa kichwa polepole, kama padri anayepokea sadaka.

"Anasema karibuni sana."

Binti aliyekuwa akitwanga nyuma ya nyumba aliacha kutwanga. Madina alirudia sentensi ile ile, neno kwa neno, kwa sauti ya juu zaidi. Mindra alitabasamu na kuweka mkono kifuani kwa shukrani. Mara ya tatu Madina aliisema taratibu, kama mtu anayemsemesha kiziwi, na Soka akageuka kuangalia ukuta, mabega yakimtikisika.

Ndipo Mindra aliporuka.

Taarifa ya polisi ya siku hiyo inasema kwamba "mkalimani alihama kiti kwa haraka". Taarifa za polisi hufupisha. Alihama kiti, akahama ua, akazunguka nyumba mara moja na nusu akijipiga mapaja, na mwisho akavua suruali yake iliyopigwa pasi mbele ya mama wa watoto sita. Siafu walikuwa wamemfikia kiunoni.

Dramadri hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Mzee," alimwambia Soka, "mama alisema nini?"

"Alisema: wewe kijana, simama, unakalia siafu." Soka alijifuta macho. "Mara tatu. Mutu yenye najua Kikakwa nasimama mara ya kwanza."

"Na ile ndefu, ya kwanza?"

"Alisema hapana mutu aliuliza daftari. Alisema pia baba ya Dakta alikuwa mvivu, lakini hiyo haiko ya kesi."

Mindra alirudi amefungwa kitenge cha Madina kiunoni. Hakukaa. Dramadri alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Saa sita na nusu mpaka saa saba na dakika kumi. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Mkutanoni. Nimeshasema. Sahihi yangu..."

"Sahihi yako iko. Uliwatazama watu wakigombana dakika arobaini, ukatikisa kichwa. Kipengele cha saba kilikatwa mbele ya pua yako na hukuelewa neno. Ungemwomba Rosa akutafsirie, lakini ungepoteza kazi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ulitoka mle na rasimu ya zamani kichwani. Majina yamo katika daftari jeusi, daftari jeusi liko kabatini, ufunguo uko msumarini."

"Hiyo ni hadithi, Afande."

"Jioni ile nani alipakia sanduku la fomu kwenye lori la wazee?"

Soka ndiye aliyejibu.

"Yeye. Alibeba kwa bega. Mimi nasema, pole pole kijana, iko nzito. Alisema, mzee, mna mawe humu?"

Binti wa nyuma ya nyumba alicheka kwa sauti, Madina akamnyamazisha kwa jicho. Mindra alitazama ufunguo kifuani pa Soka. Uso wake ulibadilika, na kitenge kikaacha kuchekesha.

"Nilifungua nikakuta namba," alisema. "Nyumba moja, watu sita, hatua mia mbili. Nyumba ya pili, watu wanne. Mpaka mwisho. Nilirudia usiku na mchana nikidhani kuna maana."

"Ulitaka jina la nani?"

"Fomu zina safu ya kazi ya zamani. Nilizipanga mimi, Rosa akiwa pembeni, sikuweza kunakili majina. Wengine wameandika jeshi." Alikaza fundo la kitenge. "Baba yangu alitolewa nyumbani kwetu Mei, sabini na saba. Mama akamfuata yule mwanajeshi mpaka kwenye gari, akamuuliza, tukakulalamikie wapi? Akacheka. Akasema, mimi ni mutu ya Lurujo, njoo ulalamike Lurujo. Jina hakusema."

Soka aliurudisha ufunguo ndani ya kanzu.

"Kazi niliomba kwa ajili ya hilo," Mindra alisema. "Hizo mbung'o sina habari nazo."

"Kila nyumba hapa iko na askari," Soka alisema. Hakuwa anacheka tena. "Hii yangu pia. Wewe ungefanya nini? Ungeua kijiji?"

"Wewe ulikuwa wapi Mei sabini na saba?"

"Jinja. Mimi nasema Jinja. Wewe naamini?"

"Hapana."

"Basi usiniulize."

Wakatazamana. Dramadri alijiweka katikati yao kwa hatua moja, mkono kwenye pingu. Hapo Madina alisema, bila kuinua macho kwenye kunde, na kwa Kiswahili.

"Mume yangu walimusoma kwa karatasi. Mwaka ya themanini. Karatasi iliandika jeshi." Alitupa jani bovu. "Alikuwa mpishi kweli. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika mpishi."

Mindra alinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, na Dramadri akamfunga pingu. Madina hakudai kitenge chake.

Saa tisa walikuwa Oli, mtaa mwingine wa Arua, katika chumba alichopanga Mindra. Daftari lilikuwa chini ya debe la unga. Pembeni mwa namba za nyumba kumi na nne kulikuwa na alama ya kuuliza ya penseli, yenye mkia kama ule wa sahihi. Dramadri alilinganisha hizo mbili mbele ya mwenye nyumba, akamtaka aandike jina lake kama shahidi. Mwenye nyumba alikataa. Akaweka dole gumba.

Saa kumi Rosa Kiden alitolewa selo. Alikuwa amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi, na haikujulikana kama kilikatika au alikuwa amepanga kumpiga nacho mtu.

"Uko huru," Dramadri alimwambia kwenye kaunta. "Daftari limepatikana, mwizi amekiri. Dakta ametuma salamu. Anasema uje kesho uchape kipengele kipya. Kila anayedai kujua lugha ajaribiwe kabla ya kuajiriwa."

"Mwambie achape mwenyewe. Ana vidole kumi na hajawahi kuvitumia."

"Nitamwambia."

Rosa hakuondoka. Alikuwa anatazama kitabu kikubwa kilichofunguliwa kaunta, na mstari wenye jina lake: Rosa Kiden, mwanamke, Mkakwa, wizi.

"Hiki mnakiweka wapi usiku?"

"Kabatini."

"Ufunguo?"

"Anakuwa nao mwenye zamu."

"Nani anaruhusiwa kusoma?"

Dramadri alifikiri. Mkuu wa kituo alisoma. Askari walisoma wakikosa gazeti. Mwezi uliopita mtu mmoja kutoka Kampala, mwenye koti na bila kitambulisho, alisoma asubuhi nzima na hakuna aliyemuuliza.

"Wengi," alisema.

"Mnachoma lini?"

"Hatuchomi."

"Kwa hiyo nitakuwa mwizi humu mpaka lini, Sajini?"

"Ukurasa hauchanwi. Ni sheria."

"Sijasema uchane. Nimeuliza mpaka lini."

"Sijui," Dramadri alisema. "Hakuna aliyewahi kuandika."

Rosa aliweka kiatu kaunta. Alichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, akakivuta kitabu mpaka uzi ukakaza, na mbele ya neno wizi akaandika kwa herufi kubwa za mpiga chapa: HAKUIBA. Akaongeza tarehe, saa, na sahihi yake.

Raia kuandika katika kitabu cha polisi ni kosa. Sajini Dramadri alilijua kosa hilo na adhabu yake. Alichukua kalamu mkononi mwa Rosa, akakigeuzia kitabu upande wake, na chini ya sahihi ya Rosa akaweka ya kwake.